Kidole Gumba cha Baba

Faida alifuta tena, nusura karatasi itoboke. Tangu aanze darasa la uchoraji pale Mabanga, kila mkono aliouchora ulitoka kama fungu la mihogo.

"Wacha kufuta," mwalimu alimwambia. "Angalia kwanza mukono ya papa yako."

Baba yake, dereva wa barabara ya Rutshuru, alikuwa amekubali kwa shingo upande kuja kuchorwa. Faida akamtazama. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umepasuka katikati, na oili nyeusi imejikita ndani ya ufa. Akaufuata ufa ule kwa mkaa, taratibu.

Baba akainuka kuondoka, akaiona karatasi. Akaweka kidole chake kando ya kile kilichochorwa.

"Eh, mama! Hii ni kidole yangu kabisa."

Akarudi kuketi, akanyoosha mkono wa pili.

"Chora na hii."