Mafuta Yaliyoganda

Siku alipotoka eda, Mwanakheri alioga, akaketi mbele ya kioo, akajipaka liwa ya msandali usoni kama alivyozoea kabla ya msiba. Muda si muda liwa ikakauka na uso ukambana. Alipojaribu kutabasamu, ngozi ilipasuka pembeni mwa mdomo.

Akaifuta upesi kwa upande wa kanga.

"Labda Mungu hataki nijipambe bado," alisema.

Wifi yake Rukia, dada wa marehemu mumewe, alikuwa anakunja nguo nyeupe za eda. Akacheka.

"Mungu anaingiaje hapo, wifi? Liwa ni ya wakati wa joto. Uliingia ndani watu wanalala barazani kwa hari, umetoka ni kipupwe. Huu wakati wa mafuta."

Akamletea chupa ya mafuta ya nazi kutoka dirishani. Mwanakheri akaigeuza juu chini. Hakikushuka kitu. Mafuta yalikuwa meupe, magumu kama mshumaa.

"Yameharibika."

"Yameganda kwa baridi tu. Yapashe kwa mkono."

Rukia akachokoa donge kwa mpini wa kijiko, akamtilia kiganjani. Mwanakheri akafumba ngumi, lakini hakuipeleka usoni.

"Watu watasema nimemsahau kaka yako."

Rukia alijigusa shavu. Mashavu yake mwenyewe yalikuwa yamepauka, na midomo ina magamba. Akaiweka kando ile chupa, akasogeza kigoda hadi magoti yao yakagusana.

"Basi anza na mimi," alisema, akafumba macho na kuinua uso.

Mwanakheri alifumbua ngumi. Mafuta yalikuwa yameshayeyuka, yanamchuruzika katikati ya vidole.