Kinu cha Bi Mwanakheri

Kila asubuhi Bi Mwanakheri alitwanga kinu kitupu mara tatu, ili jirani yake Bi Tima, ng'ambo ya ukuta, ajue kidonge cha presha kimeshamezwa. Bi Tima naye akimeza chake hujibu vivyo hivyo kwa kinu chake.

Leo mapigo yalimkuta Bi Tima amekwisha fika mlangoni na bakuli la uji. Akachungulia kinuni. Mlikuwa na unga mweupe wa vidonge.

"Shoga! Kwani mwenye presha ni kinu?"

Bi Mwanakheri akacheka, kisha akainamisha kichwa. "Dawa hii inanipeleka chooni kila saa, Tima. Na miguu yenyewe ndiyo hii. Juzi nimeanguka uani, sikutaka ujue."

Bi Tima hakugomba. Alirudi kwake, akafungua kamba yake ya kuanikia nguo, akaja kuifunga toka nguzo ya mlango hadi chooni, usawa wa kiuno. Ncha iliyobaki akaipitisha juu ya ukuta.

"Utashika hapa. Ijumaa tunakwenda wote kliniki, ukamwambie daktari ulivyoanguka. Haya, meza nione."

Akameza. Wakanywa uji, wakawasengenya wakwe zao mpaka mbavu zikauma.

Mchana, Bi Tima alianika kanga zake juu ya ukuta, akafunga ile ncha ya kamba kwenye mchi wake, akakaa kuchambua mchele. Mchi ukatikisika kinuni. Ukatulia. Akaacha kuchambua, akangoja, mpaka ukatikisika tena.