Bangili ya Kapteni

Tangu vita vianze ng'ambo ya mto, kila mkimbizi huvishwa bangili inayosikiliza sauti ya mwenyeji wake, raia aliyemchukua nyumbani kwake. Mwenyeji akitamka "simwamini," askari humrudisha mtu huyo ng'ambo kabla ugali haujapoa. Ndivyo taifa linavyolala salama.

Nabintu, aliyewahi kuwa mkimbizi kabla ya kupata uraia, alimchagua mkimbizi wake mwenyewe kwenye foleni. Mkimbizi huyo, Kapteni Lukogo, hakumtambua. Nabintu angemsahau vipi mtu aliyeichoma nyumba yao, mama yake akiwa ndani?

Sasa kapteni huwanawisha watu wa nyumba ya Nabintu mikono, naye hula mwisho, makombo.

"Karibuni mnawe, mama," alisema jioni hiyo.

"Usiniite mama. Wangu ulimchoma moto kule Kalehwa, mlango umeufunga kwa nje."

Kapteni aliinua macho kutoka kwenye birika. Alimtazama Nabintu usoni, akamjua.

"Basi litamke hilo neno, dada. Kule ng'ambo wananisubiri waniue. Yaishe."

"Litamkwe ukapumzike? Wewe nawisha watu. Kisasi changu ni kiporo kisichochacha. Nitakila kidogo kidogo."

Asifiwe, binti ya Nabintu mwenye miaka saba, alinyoosha mikono, kisha akaivuta ghafla. Maji yakammwagikia kapteni miguuni.

"Babu, nikikua bangili itanisikia na mimi. Utanipigia magoti?"

Nabintu alianza kucheka. Akakikatiza kicheko. Mtoto alikuwa ameupinda mdomo upande mmoja kwa dharau, vilevile Lukogo alivyoupinda siku ile akiwasha kiberiti.

Lukogo naye aliuona mdomo ule, akapiga magoti.