Radiogramu Iliyobaki

Zablon alipima upana wa radiogramu, kabati lake la redio na santuri, kwa mara ya tatu, akakohoa, kisha akaandika kwenye pakiti ya sigara: futi nne na inchi mbili.

"Itapita," akasema. "Kaka Cephas aliniambia mlango wa nyumba ya Kosele ni mpana."

Mkewe Priscah alikuwa amepiga magoti, akifunga gramafoni ya mkono kwa magazeti ya mwaka jana. Hakuinua uso.

"Baba Joyline, nyumba ni chumba kimoja. Uza yote."

"Nimeuza yote. Nimebakisha hii."

Hakusema uongo. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa fundi wa redio mjini Homa Bay, na miaka yote hiyo hakuona mashine ya muziki iliyotupwa akaipita. Gramafoni, rekoda za tepu kubwa, amplifaya za zamani zenye taa ndani, santuri za benga zilizopangwa hadi darini. Sebule ilijaa mpaka wageni wakawa wanakalia spika. Sasa ilikuwa mwaka wa 1994. Kifua kilikuwa kimemfungia karakana, na nyumba kubwa ya kupanga haikuwa na kazi tena. Wangehamia kwao Kosele, kwenye nyumba aliyojengewa na Cephas, kaka yake mkubwa.

Cephas alikuwa amemsihi ajenge tangu wangali vijana. "Nunua tu vinanda," alikuwa akimchokoza. "Siku moja utajengewa kibanda kama cha Jeremiah."

Jeremiah, jirani yao, alifia Nakuru bila hata banda nyumbani. Maiti ilipokuwa njiani, ukoo ulisimamisha kibanda cha haraka, kwa kuwa mwanamume hazikwi kwao kabla hajalazwa usiku mmoja ndani ya nyumba iliyo yake.

"Jeremiah hakuwa na radiogramu," Zablon alikuwa akijibu, na wote wawili walikuwa wakicheka.

Sasa alijisifu kwamba yeye angeingia kwake kwa miguu yake mwenyewe. Tena kaka yake, aliyemsumbua miaka yote hiyo, safari hii hakungoja kuombwa. Walipokwenda hospitali siku ya picha ya kifua, Zablon alitangulia kukaa kivulini na Priscah akabaki kwa daktari kuelezwa dawa. Wiki hiyo hiyo Cephas alianza kuchimba mashimo ya nguzo.

Sharif, mfanyabiashara wa Migori, alifika na pikapu saa nne asubuhi. Alijaribu kila mashine kabla ya kuipakia, na Zablon alimfuata hatua kwa hatua kama mtu anayeoza mabinti.

"Hiyo usiigonge kichwani, Sharif. Haisikii kwa kipigo."

"Mzee, nimeshika kama yai." Sharif akapapasa spika mbili ndefu za mbao. "Hizi zimelia harusi ngapi?"

"Harusi chache. Matanga ndiyo mengi. Watu wa huku wanakufa kwa bidii."

Zablon akacheka mpaka kikohozi kikamkunja. Sharif hakucheka. Alimtazama Priscah, kisha akainama kuzungusha waya.

Gari lilipojaa, Sharif alimsogelea Priscah. "Mama, hizo spika mbili siziuzi kwanza. Mkinitumia habari tu, nazileta Kosele, kama tulivyoelewana."

Priscah alimkata jicho. Lakini Zablon alikuwa amesikia, na uso wake ukachangamka.

"Kumbe unanipangia sherehe ya kuhamia, Mama Joyline?"

"Watu watakuja wengi," Priscah akasema, akaingia jikoni.

Jumamosi walikwenda Kosele. Cephas alileta gari la kuazima, na radiogramu ikafungwa nyuma kwa kamba, imefunikwa blanketi la kitandani. Alijaribu mara moja tu: "Omera, ndugu yangu, iache. Mpe mtu." Zablon akamwambia kwamba Joyline alijifunza kusimama akiwa ameishika, na kwamba mtu hawezi kuhamia kwake akiwa kimya. Cephas hakurudia. Njia nzima alitazama mbele.

Nyumba ilikuwa pembeni mwa boma, udongo wa kutani bado mbichi. Chini palikuwa vumbi tupu, hapajasiribwa. Haikuwa na dirisha. Lakini mlango ulikuwa na mbao mbili za kufungukia huku na huku, na wanaume wanne walipoingiza radiogramu haikugusa upande wowote.

"Si niliwaambia?" Zablon akasema.

Waliiweka ukutani, wakatoka. Akabaki peke yake. Akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akafungua kifuniko, akakifunga. Halafu akatoa futi yake, akapiga goti, akaanza kupima nafasi iliyobaki ya kitanda. Haikutosha. Akapima tena kwa kukingama. Bado.

Alikuwa akitaka kumwita kaka yake aje wasaidiane mawazo, akasikia sauti nyuma ya ukuta. Ya kwanza ilikuwa ya Monari, fundi aliyeijenga nyumba.

"Mzee amejaza kinanda humo. Kitanda atakiweka wapi? Na dirisha hujaniambia, nitoboe upande gani?"

"Usitoboe." Hiyo ilikuwa sauti ya Cephas, ya chini, ya mtu aliyechoka. "Kinanda tutakitoa nje siku hiyo. Atalala humo usiku mmoja tu."