Kosa la Yule wa Kwenye Riwaya

Kwa maoni ya mshonaji, yule bwana alistahili kukamatwa.

"Mtu anatoroka na mwanamke, anabeba masanduku mawili," alimwambia mumewe, huku akipitisha pindo la sketi ya shule chini ya sindano. "Huko aendako hakuna nguo? Ametoroka au amehama?"

Mumewe, kinyozi, alikuwa mezani anakula chakula cha mchana. Tonge lilimkwama. Alikunywa maji, akauliza kitabu kiliishaje.

"Kilivyostahili. Mchukuzi alimtambua kituoni. Hadithi tamu, lakini bwana mwenyewe bure kabisa."

Kinyozi alikuwa na sababu ya kukwamwa na tonge. Kwa muda sasa alikuwa na mapatano na mwuza dawa wa mtaa wa nyuma, mwanamke mcheshi, mwepesi wa kushika watu mkono. Walikuwa wamekubaliana kuondoka pamoja kwenda mji wasikojulikana, wafungue duka, dawa upande huu na vinyozi upande ule. Ilibaki kuchagua siku tu. Binti wa kinyozi alikwisha kuolewa. Wa kuachwa alikuwa mmoja, naye kutwa alikuwa kwenye cherehani, miguu ikikanyaga, macho kwenye riwaya aliyoiegemeza kwenye kopo la vifungo.

Sanduku lilikuwa limeshanunuliwa. Siku hiyohiyo kinyozi alilirudisha dukani, akasema bawaba zina kasoro.

Mshonaji alikodi riwaya zake sokoni, zile zenye mwanamke anayelia jaladani. Alizisoma upesi na hakuwa na huruma nazo. Ya tajiri na yaya aliisifu mwanzo akaishutumu mwisho: mwandishi alikata kitambaa kikubwa, akaishiwa uzi. Ya daktari wa meno ilimchosha kwa machozi. Watu wazima wanalia kila ukurasa, kazi wanafanya saa ngapi? Lakini kilichomuudhi kupita vyote ni namna watu walivyotoroka. Mmoja alitoka usiku, mbwa wa mtaa mzima wakamsindikiza. Mwingine alimwambia siri rafiki mmoja tu, na yule rafiki naye alikuwa na rafiki mmoja tu.

"Usiku wa nini?" alisema. "Mchana kweupe nani anakuuliza? Shika kikapu cha nguo, toka, salimia watu. Panda basi la saa saba. Lile la alfajiri watu hawana la kufanya ila kutazamana."

Kinyozi alikuwa amepanga basi la alfajiri.

Jamani, Shetani hana haja ya kumfundisha mtu mwenye mke msomaji. Kinyozi akaanza kuuliza mwenyewe: ya wiki hii je, inasemaje? Miaka yote alikuwa mtu wa gazeti la michezo, na sasa mezani maneno hayaishi. Majirani wakasema wawili hawa wamerudia uchumba. Mama mkwe akamshukuru Mungu mbele ya watu.

Siku moja hofu ilimwingia. Isijekuwa anapigwa mafumbo? Akamtazama mkewe usoni. Uso ulikuwa mkavu kama chaki.

"Mbona vitabu vyako vyote ni vya watu kukimbia nyumba zao?"

"Ndivyo vinavyopendwa, baba. Anayetulia nyumbani nani atamwandika?"

Hilo nalo lilikuwa kweli, akapoa. Mwuza dawa, kila akiletewa mabadiliko mapya ya safari, alistaajabu akili hizi zinatoka wapi. Kinyozi alimjibu kwamba akili ni nywele, na kinyozi ni yeye.

Riwaya ya mwisho ilitupwa juu ya meza kama kitambaa kilichokatwa vibaya.

"Wamepanda basi pamoja, bega kwa bega kama maharusi," mshonaji alisema. "Si mmoja angepanda hapa, mwenzake akangoja kituo cha mbele? Akili ndogo tu hiyo."

Kinyozi alichokonoa meno kwa muda. "Na yule anayeachwa? Haachiwi hata neno?"

Miguu ilisimama juu ya kikanyagio.

"Neno la nini? Atajua mwenyewe akirudi akikuta jiko baridi."

Kinyozi aliona jibu hilo ni gumu, lakini lina faida.

Siku ya safari, mkewe alimwambia asubuhi kwamba chakula ajipakulie, yeye ana sketi za kupeleka shuleni. Kinyozi akamshukuru Mungu kwa kumfungulia njia, jambo ambalo hakupaswa kumshirikisha Mungu. Mchana akafunga duka, akajaza kikapu taulo chafu, akatoka. Alimsalimia fundi viatu. Alimsalimia mwenye nyumba, wakazungumza habari za jua. Hakuna aliyemuuliza kitu. Moyoni alimsifu mkewe, na kwa mara ya kwanza alimwonea huruma.

Basi la saa saba lilikuwa nusu tupu, kama alivyoambiwa. Mwuza dawa alikuwa anangoja kituo cha mbele. Kinyozi alipita katikati ya viti akitafuta viwili vilivyo wazi, hata akakaribia nyuma kabisa, na pale dirishani alikuwa amekaa mwanamke mwenye kikapu mapajani, gauni la sikukuu likichungulia chini ya sketi za shule, anasoma riwaya.

Mkewe aliinua macho. Akatazama kikapu cha taulo, kisha akamtazama mwenye kikapu.

Basi likaanza kuondoka. Kinyozi akayumba, na kwa mazoea ya ndoa akataka kukaa kando yake. Mshonaji akaweka mkono juu ya kiti.

"Hapo pana mtu," alisema. "Anapandia kituo cha mbele."