Vichupa vya Kakakuona

Hii ni habari ya Kakakuona, mtafiti asiyeuamini hata mkia wake mwenyewe. Wanyama walimtuma atafute udongo wa kujengea nyumba zisizobomolewa na mvua za masika. Alijaza udongo wa aina ishirini katika vichupa, akaujaribu mmoja mmoja.

Fuko, aliyefanya kazi meza ya jirani, alimuuliza kila siku, "Umekula, kaka? Umelala?"

"Huyu anataka niondoke ili achungulie majibu yangu," Kakakuona aliwaza. Basi akaacha kula, akaacha kulala, na mwisho akabandua lebo zote zenye namba kwenye vichupa. "Aje sasa aibe!"

Mawingu ya masika yalipotanda, wanyama walikuja. "Udongo upi?"

Daftari lake la majaribio lilisema namba kumi na moja. Kakakuona alivitazama vichupa kwa macho mekundu. Vyote vilifanana, na kichwa chake kilichokosa usingizi hakikukumbuka kitu.

"Fuko," alinong'ona, "wewe uliyekuwa ukinichungulia, nionyeshe namba kumi na moja."

"Nichungulie kwa macho gani, kaka?" Fuko alimjibu. "Mimi ni kipofu tangu kuzaliwa. Nilikuwa nasikia tu tumbo lako likinguruma."

Nje, mvua ikaanza.