Kisu cha Mkono wa Kushoto

Papa Apollinaire alirudisha mezani kisu cha nne. "Hiki kinateleza," alisema. "Mukono ukipata damu, kitaponyoka."

Mama Claire alimtazama. Miaka kumi na miwili anauza visu sokoni Kalemie, visu vya chuma cha sipringi za gari anavyofua mume wake, na wategaji wote anawajua. Huyu kwa kawaida huchukua cha kwanza anachokiona, akaondoka. Leo alikuwa anachagua kama mtu anayetafuta mchumba, ila uso wake haukuwa wa uchumba hata kidogo.

"Papa, unataka kisu ya kufanya nini?"

"Ya kuchuna."

"Kuchuna nini?"

Mzee alifungua mfuko wake, akatoa ngozi kavu ya mbawala, akaitandaza juu ya visu. "Angalia kazi hiyo."

Mama Claire akapitisha kidole kwenye kingo. Mstari wa tumboni ulikuwa umenyooka vizuri, lakini umechanika-chanika, na penye mbavu kulikuwa na matundu mawili. "Huyu muntu kazi anaijua," alisema. "Kisu yake njo butu. Na ni wa kushoto. Ona vile amezungusha kwenye goti."

"Njo yeye," alisema Papa Apollinaire.

Hapo Mama Claire akaelewa ni nani. Soko zima lilikuwa na habari ya mwizi wa mitego. Mara tano sasa, kule porini njia ya Niemba, mnyama ananaswa kwenye mtego wa Papa Apollinaire, na mwenyewe akifika anakuta ngozi imewambwa kivulini, nyama haipo. Kinabaki kidari tu, kimefungwa kwa majani na kutundikwa juu siafu wasikifikie. Na tuseme ukweli: ukiiba kuku hapa Kalemie watakutukana wewe na ukoo wako, kesho yamekwisha. Ukiiba kwenye mtego wa mwenzako, hakuna wa kukuombea.

Papa Apollinaire alichukua kisu cha tano. Kilikuwa kifupi, makali yamepinda kidogo, mpini umezungushiwa mpira wa tairi. Akakishika kwa mkono wa kushoto.

"Papa, we si wa kulia?"

"Mukono wangu naujua."

Alifumba macho, akakata hewa polepole kutoka chini kwenda juu. Akageuza kisu, akarudia. Anamsoma mwizi, aliwaza Mama Claire, anataka kujua pigo litatoka upande gani.

Mara akatokea Florent, jirani wa Papa Apollinaire, panga mkononi, na mdomo wa Florent tangu azaliwe haujui kufungwa.

"Papa! Watu wanne wako tayari. Hatumupeleki kwa chefu, hatumupeleki kwa polisi. Tunamalizia palepale!"

"Sikukuita, Florent."

"Na nani atakusaidia? Bénit wako, mutoto wa pekee, watu wa bunduki walimubeba, tukalia matanga bila maiti. Miaka sita! Leo sisi njo watoto wako. Na huyu mushenzi anakuachia kidari kama unamutupia imbwa! Dharau gani hiyo?"

"Kidari nilikula."

"Aka!" Florent alishusha panga. "Ulikula? Yote tano?"

"Yote. Mutego ni wangu, na mwizi ni wangu. Atakayenifuata porini, tutajuana."

Alisema kwa sauti ya chini kabisa, na Florent akaondoka na panga lake.

Mama Claire akaweka kiganja juu ya kisu. "Hiki sikuuzii, Papa. Nyama iko porini kila siku. Damu ya muntu haioshwi na sabuni."

"Noa, Mama Claire."

"Papa, nakuomba."

"Noa upande mumoja tu. Ule wa mukono wa kushoto."

Alinoa. Kila alipopitisha kisu kwenye jiwe alimwombea huyo mwizi asiyemjua, asiende tena kwenye ule mtego, aende hata Kabalo, aende popote. Papa Apollinaire alijaribu makali kwenye vinyweleo vya mkono wake. Vikanyoleka vyote. Akafunga kisu kwenye kitambaa, akaenda zake.

Asubuhi ya pili alifika kwenye mtego peke yake. Paa alikuwa amenaswa, amekufa, mwili bado una joto. Hajachunwa. Basi mchunaji hayuko mbali.

Papa Apollinaire akachuchumaa. Akafungua kitambaa. Upande wa kushoto, nyuma ya kichaka, kijiti kilivunjika. Mtu alikuwa pale, anahema kwa shida kama aliyekimbia. Majani yakatikisika kidogo. Mzee aliogopa, tena sana, lakini akasimama. Akainua kisu juu ili kionekane vizuri.

Halafu akakichoma kwenye mti wa mtego, mpini umeelekea kushoto, akarudi nyuma hatua kumi, mikono mitupu.

"Chuna na hicho, Bénit, chako kimekuwa butu," alisema, machozi yakimtoka. "Ila kidari, fungu la baba, usinitundikie tena kwenye mti, mwanangu. Leo ulilete mwenyewe nyumbani, mama yako apike."